Sura ya Saba: Kula kwa Waitaliano Malindi

Ngisi atakayeliwa saa mbili usiku kwenye mkahawa wa Kiitaliano kule Casuarina huwa ameshafika bandarini kabla jua halijakausha mchanga. Mashua hushuka moja baada ya nyingine, samaki hupimwa kwenye mizani, na hapo hapo hugawanywa. Tewa mkubwa mwenye macho yanayong'aa na mashavu bado mekundu, kamba mawe aliye hai, jodari, ngisi na pweza wa kilo mbili tatu huchukuliwa na tajiri. Tajiri ndiye mfanyabiashara aliyemkopesha mvuvi nyavu, injini au mafuta, na kwa sababu ya deni hilo ndiye wa kwanza kuuziwa, kwa bei anayoitaja yeye. Tafi, changu wadogo na samaki waliochanika wavuni huenda kwa mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki nyumbani na kuwauza jioni kando ya barabara Maweni, Barani na Kisumu Ndogo. Hadi saa nne asubuhi kila samaki ameshajulikana ataliwa mtaa gani.

Nimeanza na bandari kwa makusudi. Ukiingia kwenye mikahawa hii kwa mlango wa mbele utaona vitambaa vyeupe, glasi za aina tatu, menyu ya Kiitaliano na mwenye mkahawa anayesalimia kwa mikono yote miwili, na utaamini umeingia Italia. Ukiingia kwa mlango wa nyuma, ule wa samaki na kuni, utaona Malindi. Samaki ni wa hapa, chumvi ni ya hapa, nyanya zimetoka shambani bara, na mikono inayokata, inayokanda na inayochoma ni ya Wagiriama, Wabajuni, Wapokomo, Wakamba na Waluo. Ninachotaka kusema katika sura hii ni kwamba chakula hiki kimekuwa chetu kwa jasho na kwa ujuzi, na kwamba mtu wa pwani ana haki ya kukiagiza, kukionja na kukihukumu kama anavyohukumu biriani la harusini. Wengi wamekipika maisha yao yote bila kukaa kwenye kiti cha mgeni hata jioni moja.

Kamba wadogo, wale wa nyavuni, wana hadithi yao. Kaskazini mwa mji Mto Sabaki humwaga tope lake baharini, na mbele zaidi Mto Tana hufanya hivyo hivyo katika Ghuba ya Ungwana. Mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na watalii huinung'unikia. Lakini tope hilo hilo, pamoja na mikoko ya Ngomeni, ndilo linalolea kamba. Ungwana ndiyo mahali pakuu pa kamba kwenye pwani yote ya Kenya, na kwa muda mrefu pamekuwa na ugomvi kati ya wavuvi wa mashua na meli zinazoburuta nyavu kubwa sakafuni mwa bahari. Mwaka 2006 serikali ilizisimamisha meli hizo kwa sababu ya malalamiko ya wavuvi. Kwa hiyo mgeni anayelalamikia maji ya kahawia asubuhi na kusifu tambi zake za kamba usiku anazungumzia tope lile lile.

Kaa wa mikoko hutoka Mida, upande wa Watamu, ambako vijana wa Dabaso wanajua kumtoa shimoni kwa fimbo bila kukatwa kidole. Sulisuli huvuliwa kwenye maji marefu na hufukizwa moshi, kisha hukatwa vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, hunyunyiziwa ndimu na mafuta ya zeituni. Sahani hiyo haina asili Italia. Imezaliwa kwenye pwani hii, na leo ni vigumu kupata menyu ya Kiitaliano Malindi au Watamu isiyokuwa nayo mwanzoni.

Waitaliano waliletwa hapa na roketi. Ukisimama ufuoni Ngomeni, takriban kilomita 30 kaskazini mwa mji, utaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu mirefu. Huo ndio mradi wa San Marco. Ulianzishwa na mhandisi Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, kwa makubaliano ya mwaka 1962 kati ya Italia na Marekani. Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi, na kwa sababu mashariki yake ni bahari tupu. Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, Waitaliano waliwarushia Wamarekani kutoka majukwaa hayo hayo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru. Roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988.

Mafundi na wahandisi wa mradi huo walikuwa miongoni mwa Waitaliano wa kwanza kuizoea Malindi. Walirudi kwao na habari za bahari ya vuguvugu mwezi wa Januari, Milano ikiwa imefunikwa na ukungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakafuata watalii, kisha wenye hoteli, kisha wastaafu walionunua nyumba. Flavio Briatore, aliyepata jina kwenye mashindano ya magari ya Formula 1, naye alijenga hoteli hapa. Uwanja wa ndege wa Malindi una njia fupi, kwa hiyo ndege kubwa kutoka Italia hutua Mombasa na abiria huletwa kwa barabara mwendo wa kilomita 120 hivi. Pamoja na usumbufu huo waliendelea kuja. Leo kijana anayeuza vinyago ufuoni anajua Kiitaliano kuliko Kiingereza, na vibao vya maduka kwenye Barabara ya Lamu vimeandikwa lugha hiyo bila kumtafsiria mtu.

Waliokuja na roketi walitaka kula chakula cha kwao, na hapo ndipo jiko lilipoanza.

Wapishi niliozungumza nao wana mwanzo unaofanana. Wengi waliingia kuosha vyombo. Kutoka kwenye sinki wakaitwa kumenya vitunguu saumu, kisha kukaranga, kisha siku moja mpishi mkuu akashikwa na homa msimu ukiwa umepamba moto, na aliyekuwa akimenya akashika mwiko. Wachache walipitia Chuo cha Utalii Nairobi, kilichoanza mwaka 1975. Wengine walifundishwa na bibi wa Kiitaliano aliyesimama nyuma yao akipiga kelele. Mtu aliyepita njia hiyo huwa hana cheti, lakini ukimwekea samaki mezani atakuambia amevuliwa jana au leo bila kumgusa.

Tambi ndizo kipimo cha jiko la Kiitaliano. Sisi tunazijua kwa upande mwingine: tambi nyembamba za kukaanga, zenye sukari, iliki, zabibu na pengine tui la nazi, zinazoliwa mwezi wa Ramadhani baada ya futari. Kwa Mwitaliano tambi ni chakula cha chumvi. Zile za kukandwa jikoni hufuata kanuni ya watu wa Emilia, yai moja kwa gramu 100 za unga. Huko kwao Bologna kanuni hiyo hufanya kazi vizuri. Malindi hewa imejaa unyevu wa bahari, unga hunywa maji ungali kwenye gunia, na anayefuata kitabu neno kwa neno hupata donge linalonata mezani na vidoleni. Mpishi wa hapa hukagua unga kwa kiganja kabla ya kuvunja yai. Siku ya kaskazi kavu hulipa donge mayai yake yote. Siku ya mawingu hupunguza ute, huongeza unga kidogo kidogo, halafu hulilaza donge mahali penye baridi hadi litulie. Aliyekulia kwenye nyumba inayosukuma chapati kila Ijumaa ameshaujua mpira wa unga kabla hajasikia neno moja la Kiitaliano, na hilo huonekana kazini.

Kisha maji. Kanuni yao ni lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi kwa kila gramu 100 za tambi, na maji lazima yawe yanatokota kwa nguvu. Chumvi yenyewe haina haja ya kusafiri: mashamba makubwa ya chumvi ya Kenya yako Gongoni na Marereni, upande huo huo wa Ngomeni, ambako maji ya bahari huachwa juani hadi yabaki mawe meupe. Tambi hutolewa mapema, moyo wake ukiwa bado na ugumu mdogo unaosikika jinoni. Haziishii hapo. Huhamishiwa kwenye kikaango chenye mchuzi pamoja na upawa wa yale maji zilimochemshiwa, ambayo sasa yana wanga, na hutikiswa juu ya moto hadi mafuta na maji vishikane viwe urojo unaong'aa. Ukiona mchuzi umekaa chini ya sahani kama dimbwi na tambi zimekauka juu, jua kwamba hatua hii imerukwa, na mkahawa huo haustahili bei yake hata kama una bwawa la kuogelea na mishumaa.

Wageni wa Kenya wengi hurudisha tambi jikoni wakisema ni mbichi. Wahudumu wamezoea, kuna majiko ambayo oda ya meza ya Wakenya huongezewa dakika mbili bila mtu kuulizwa. Ninaomba hilo liachwe. Mtu apewe tambi kama zinavyopaswa kuwa, aelezwe sababu, kisha achague mwenyewe. Kumwamulia kabla hajaonja ni kumwambia kwamba chakula kizuri si chake.

Mchuzi wa kamba wenye heshima huanza na vichwa. Jiko baya huvitupa. Jiko zuri huvikaanga kwenye mafuta ya zeituni hadi viwe vyekundu kabisa, huviponda, huvitilia maji na huviacha vichemke taratibu, kisha huchuja. Maji hayo ya rangi ya machungwa ndiyo ladha yote. Nyama ya kamba huingia dakika mbili za mwisho tu ili isiwe mpira. Pweza naye hupitia mkono wetu kabla ya mkono wao. Hupigwa juu ya mwamba na aliyemvua hadi misuli yake ilegee, kisha jikoni huchemshwa polepole kwenye maji yake mwenyewe. Nyumbani tungemtilia tui na bizari. Wao humkata akiwa bado na joto, humchanganya na viazi, ndimu, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Nimemla kwa njia zote mbili tangu utotoni hadi leo na siwezi kukubali kwamba moja iko juu ya nyingine.

Pizza nitaigusa kidogo tu kwa kuwa kila mtu ana maoni yake. Tanuri la kuni hupaswa kufika nyuzi 430 za selsiasi au zaidi, na pizza ya mtindo wa Napoli hukaa humo sekunde 60 hadi 90. Ikikaa dakika kumi ni mkate wenye nyanya. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika ufundi wa wachoma pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na wachomaji wa Malindi, ambao husimama mbele ya tanuri hilo kwenye joto la Februari la pwani, wanaifanya kazi ile ile.

Shangazi yangu ameishi Shela, mtaa wa kale wa Malindi, tangu alipozaliwa. Ameona hoteli zikijengwa moja moja, amewauzia kaimati na sambusa vijana waliokuwa wakienda kazini humo, na hakuwahi kuingia hata moja kula. Nilipomwalika alivaa buibui lake jipya. Mlangoni mlinzi alituangalia akatuuliza tumekuja kumwona nani.

"Tumekuja kula," shangazi akamjibu. "Au leo hampiki?"

Mlinzi akafungua lango akisema, "Karibu, mama." Hakuwa na ubaya. Alikuwa amefundishwa na mazoea: watu wa sura yetu wakija jioni huwa wanakuja kudai mshahara, kuleta mboga au kumtafuta ndugu. Swali hilo halikumpata Mwitaliano aliyeingia mbele yetu na kaptula yenye mchanga. Nimelisikia kwenye malango mengine ya pwani hii, na kila mara linanichoma, kwa sababu anayeuliza na anayeulizwa ni majirani.

Kijana wa kutuhudumia alikuwa akiichekesha meza ya jirani kwa Kiitaliano kinachotiririka. Alipogeuka akamwona shangazi, sauti ikabadilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, humu mna chakula cha mtu kama mimi?"

Lilikuwa swali zito, na ndilo swali ambalo Waislamu wengi wa pwani hulibeba hadi mlangoni wakarudi nalo nyumbani. Kijana hakubahatisha. Alikwenda jikoni akarudi na mpishi mwenyewe, Mgiriama mwenye aproni yenye doa la nyanya, na wakaipitia menyu pamoja mstari kwa mstari. Ninayaandika waliyomweleza pamoja na niliyojifunza baadaye, yamfae mwingine.

Prosciutto, pancetta, guanciale na mortadella ni nyama ya nguruwe, na majina haya hujificha ndani ya sahani nyingine: carbonara na amatriciana zina guanciale au pancetta, na mchuzi wa nyama wa Bologna mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Divai imo katika vyakula vingi ambavyo menyu haisemi. Wali wa risotto huanza kwa kukaangwa mkavu kisha kumwagiwa divai. Tambi za chaza na za kamba hutiwa divai nyeupe. Nyama za kuchemshwa muda mrefu hutiwa nyekundu. Wapo wanaosema pombe yote huondoka na mvuke. Haiondoki yote, sehemu hubaki, nyingi au chache kutegemea muda wa moto. Jibini la Parmigiano-Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama, na hapo kila mtu atafuata alivyofundishwa. Panna cotta hushikizwa kwa jelatini, uliza ni ya mnyama gani. Tiramisu ilitokea Treviso kwa kahawa, mayai, jibini laini, biskuti na kakao bila pombe, lakini wapishi wengi siku hizi huitia ramu au marsala. Vya baharini havina shida kwa sisi wa madhehebu ya Shafii, isipokuwa kaa, ambaye ana mjadala wake.

Shangazi alitaka tambi za kamba. "Mchuzi huu mmeutia pombe?"

"Hutiwa, mama," mpishi akajibu. "Lakini wewe nitakupikia kikaango chako peke yake. Nitatumia maji ya vichwa vya kamba na ndimu. Hutapungukiwa."

Alisema kweli. Ndimu ilikuja badala ya divai, na uchachu wake ulikuwa mkali na safi zaidi. Nimekula sahani hiyo kwa divai kabla ya siku ile kwenye mikahawa mingine na ninaisema hukumu yangu bila kusita: kwa kamba wa Ungwana ndimu ni bora. Kamba hao ni watamu, na divai huuongezea utamu ule uzito usiohitajika. Kama ningekuwa na mkahawa Malindi ningeiandika sahani hiyo kwenye menyu kwa ndimu, na anayetaka divai ndiye angeomba.

Juu ya sahani palikuwa na majani mabichi. Shangazi alichukua moja akalisugua kwa vidole, akalinusa, macho yakamtoka.

"Hii si rehani?"

Ilikuwa rehani. Kwetu hufungwa kwenye kikuba pamoja na asumini na mkadi, bibi harusi akavaa, wageni wakapewa kwenye sinia. Haiingii sufuriani. Shangazi alilitafuna lile jani taratibu, akala na la kwangu. Tangu siku hiyo mrehani wake wa uani, uliokuwa wa kunukia tu, hupunguzwa majani kila anapopika samaki wa nyanya. Hakuna mwalimu wa upishi aliyemwambia afanye hivyo.

Alipoomba pilipili niliogopa kidogo, kwa maana Waitaliano wa zamani walikuwa wakichukia mtu kuongeza kitu. Kijana akaleta mafuta yaliyolowekwa pilipili na sahani ndogo ya pilipili mbichi zilizokatwa na ndimu. "Hizi ni za wafanyakazi," alisema kwa sauti ya chini, "lakini siku hizi na wazungu wanaziomba." Jibini hakuletewa, na hilo ni sawa: kwa Waitaliano jibini na samaki havikutani juu ya tambi, kwani chumvi yake huizima bahari. Tulimaliza kwa aiskrimu ya embe ngowe, kwa kuwa ilikuwa Januari na ngowe zilikuwa zimejaa sokoni. Hapo shangazi alikuwa mkali. Alisema ngowe imetiwa sukari bure. Nakubaliana naye. Embe hilo likiiva vizuri halihitaji msaada, na mtengeneza aiskrimu wa Kiitaliano aliyezoea matunda machachu ya kwao husahau hivyo.

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, menyu isimtishe kwa urefu. Huanza na antipasti, vitu vidogo vya kufungua tumbo. Kisha primi, ambavyo ni tambi, risotto na supu. Kisha secondi, samaki au nyama. Contorni ni mboga za kando, nazo huagizwa na kulipiwa peke yake, jambo ambalo huwashtua waliotegemea samaki aje na wali wake. Hakuna anayelazimika kupita zote. Sahani moja ya antipasti ya kugawana na tambi moja kwa kila mtu ni mlo kamili, na mhudumu mwenye adabu hatakunja uso. Samaki mzima huuzwa kwa uzito, hivyo aletwe apimwe mbele yako na bei itajwe kabla hajaenda motoni. Kamba mawe vivyo hivyo. Sahani yake moja inaweza kuzidi ujira wa siku kadhaa wa kibarua wa shamba la chumvi. Mkate ulioletwa mwanzoni usiumalize. Ubakize kipande cha kufutia mchuzi mwishoni, kwa mkono, bila haya, kama wanavyofanya wenyewe.

Bili ya Kenya hubeba VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Mikahawa ya hali ya juu huongeza ada ya huduma, na baadhi ya wenye asili ya Italia huongeza coperto, malipo ya kukalia meza na kuletewa mkate. Soma kama bei za menyu zimeshajumlisha hayo. Ada ya huduma si lazima imfikie aliyekuhudumia, kwa hiyo muulize yeye mwenyewe, na bakshishi yako mpe mkononi. Omba pia sehemu yake ifike jikoni.

Hilo la jikoni linanisumbua kuliko bei. Kwenye kibao cha nje kuna jina la mwenye mkahawa, au la mji wake wa Italia, au la mama yake. Kwenye menyu kuna jina la shamba la divai na mwaka wa zabibu. Aliyepika hana jina popote. Amekanda tambi hizo kwa miaka, amejua kupunguza ute siku za mawingu, ametafuta namna ya kumpikia mama wa Shela bila divai papo hapo, na mgeni anaondoka akiamini amepikiwa na Mwitaliano. Kuchapisha mstari mmoja chini ya menyu, "Jioni hii wanapika fulani na fulani", hakugharimu hata wino wa kutosha kuonekana kwenye hesabu. Wenye mikahawa wangepata faida pia, kwa sababu mpishi mwenye jina hahamii kwa jirani kwa nyongeza ya shilingi elfu mbili.

Kazi yenyewe ni ya msimu. Waitaliano hujaa kuanzia Desemba hadi Machi wakati wa kaskazi, hurudi kwa wingi Agosti kwenye likizo yao. Kusi ikishika na mvua za masika zikianza, mikahawa mingi hufunga mwezi wa Mei na Juni. Wapishi hurudi Ganze, Magarini na Kaloleni kupanda mahindi, wengine hushona makuti, na wapo wanaowasha jiko mbele ya nyumba zao wakauza wanachokijua. Huko Maweni na Barani unaweza kukuta jioni za kusi tambi za ngisi kwenye sahani ya plastiki, kwa bei ya mkaanga samaki, zimetikiswa kikaangoni sawasawa na urojo wake unaong'aa. Ngisi ni yule mdogo ambaye tajiri alimkataa asubuhi, na ni laini kuliko mkubwa.

Anayetaka kula kwa vitambaa vyeupe na aende Novemba, mikahawa ikiwa imefunguliwa na wageni hawajajaa. Mpishi huwa na nafasi ya kutoka nje kuzungumza, meza hazihitaji kuwekwa mapema, na ngowe za kwanza zinaanza kuingia sokoni. Aende saa moja na nusu usiku, kabla Waitaliano hawajatoka vyumbani. Aagize pweza na viazi, kisha tambi za kamba kwa ndimu, na amuulize mhudumu zimekandwa na nani.